Mwalimu wa Kioo Ameitikia

Wewe unayenisikiliza, umewahi kumwamkia asiyekuwepo, halafu ukaitikiwa?

Shule ile haikuwa na mwalimu wa kemia. Ilikuwa na televisheni, imetundikwa ukutani kama picha ya bwana harusi, na ndani yake bwana mmoja wa kurekodiwa, mwenye suti, akifundisha asidi na besi. Dada Rimoti, ndivyo wanafunzi walivyomwita, alikuwa na digrii ya kemia, first class kabisa, lakini alipewa kibarua cha kuiwasha na kuizima tu. Kufundisha, marufuku. "Walimu hawapo kwenye bajeti, my dear," mkuu wa shule alimwambia, na kicheko juu.

Sasa mkuu huyo, kwa ugonjwa wake wa nidhamu, aliamuru kila kipindi kianze kwa darasa zima kusimama na kuiamkia televisheni. "Shikamoo mwalimu!" Kimya. "Leo pia kanuna!" mmoja angetania, wakajikalia wakicheka.

Asubuhi moja, kioo kikiwa bado cheusi ti, sauti nzito ikatoka humo.

"Marahaba. Kaeni."

Wakakaa. Hakuna aliyecheka. Harufu ya nywele zinazoungua ikatanda darasani.

"Dada," akanong'ona mdogo wake Dada Rimoti, mwanafunzi aliyekaa dawati la mbele, "umewasha?"

"Sijagusa kitu."

"Mbona ananiangalia mimi?"

Yule bwana alikuwa ameshatokea, suti ile ile, ila hapepesi macho. "Jaribio la leo linataka mtu mmoja. Wewe. Njoo."

Binti akanyanyuka kama aliyevutwa kwa uzi. Dada Rimoti akaurukia waya wa umeme, akaukuta unaning'inia, haujachomekwa popote, na mdogo wake anazidi kwenda, mkono mbele, na kioo kinalegea kama uji, na vidole vinazama, na nyuma yake darasa zima linaandika, linaandika bila kutazama daftari, na yule bwana anatabasamu kwa meno mengi kuliko ya binadamu.

Hapo akaelewa. Kiti kitupu hakikosi mkaaji, na wao walikuwa wakimkaribisha kila siku kwa heshima zote. Akamvuta mdogo wake, akasimama mbele ya kioo, akanyakua chaki.

"Simameni! Niamkieni mimi!"

"Shi... shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Asidi ni nini?"

Akafundisha huku kitu kikimpumulia kisogoni, hadi kengele ikalia na kioo kikafa. Vidole vya mdogo wake vilitoka vyeupe kama mfupa, havihisi moto wala baridi.

Mkuu alimfukuza kazi siku ile ile, kwa kosa la kufundisha. Televisheni ingali ukutani, na nyingine zimeagizwa kwa shule jirani.

Enyi mliotia saini televisheni hizo zinunuliwe, ambao watoto wenu wanafundishwa na watu wenye damu: mwalimu yupo, amekaa nyumbani anakanda vidole vya mdogo wake. Mwajirini! La sivyo, leteni wanenu hapa, waitwe wao mbele.