Saa Tatu Mchana

Kila asubuhi Kiherehere alimfunga mdogo wake kamba za viatu, kwa sababu mdogo akiinama, pumzi ilimwishia. Jina hilo la utani alipewa na baba, na kusema kweli lilimkaa. Mdogo wake, kitindamimba wa nyumba yao, alizaliwa na tundu kwenye moyo. Sasa ilibaki siku moja tu alazwe hospitali ili lizibwe, naye aligoma katakata. Mama alibembeleza, baba akafoka, wapi.

Tumaini lilibaki kwenye miwani. Chuo cha uuguzi kiliiazima shule miwani ya uhalisia pepe: ukiivaa, unajiona umesimama ndani ya moyo, kuta zake zinadunda. Daktari mmoja wa ng'ambo angewaongoza wanafunzi kwa video, moja kwa moja. Kiherehere ndiye aliyeomba somo hilo mtandaoni. Kitindamimba alitoa sharti moja tu: aone kwanza atakachofanyiwa, ndipo aamue. Na miwani ilitakiwa irudishwe jioni ya siku hiyohiyo ya somo.

Kiherehere aliwatangazia wote kuwa somo ni saa tatu asubuhi. Darasa likajaa, mama akaomba ruhusa kazini. Saa tatu ikapita, saa nne nayo ikapita. Kwenye kompyuta kulikuwa na kiduara kinachozunguka tu. Wanafunzi walianza kunong'ona kwamba wameingizwa mjini. Mama alitazama sakafu.

Kitindamimba akavua miwani. "Mmenidanganya," alisema. "Hospitali siendi."

Kiherehere alimwona mdogo wake akipotea mbele ya macho yake, na yeye ndiye chanzo. Mwalimu mkuu alipomuuliza ujumbe wa daktari ulisemaje, ingekuwa rahisi kumsingizia daktari, kwani hakuna mwingine aliyeusoma.

"Uliandikwa saa tatu mchana, kwa saa za kwetu," alisema huku machozi yakimtoka. "Nikaona wamekosea, maana saa tatu ni asubuhi. Nikageuza mwenyewe, Mwalimu. Sikumuuliza mtu."

Darasa zima likamgeukia. Mwalimu mkuu aliomba kuuona ujumbe, akausoma mara mbili, kisha akajishika kichwa. Ujumbe ulikuwa umetafsiriwa na kompyuta. Kwao daktari huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, kisha upya kuanzia adhuhuri, hivyo tatu yake ya mchana kwetu ni saa tisa. Kompyuta ilitafsiri maneno, saa ikaiacha kama ilivyo. Mwalimu akamwambia mama asiondoke, maana bado hawajachelewa.

Ilipofika saa tisa, uso wa daktari ukatokea. Kitindamimba alivaa miwani. Alizunguka polepole katikati ya darasa, akanyoosha kidole hewani, akafuata kitu ambacho wengine hawakukiona, mpaka mama akaanza kulia.

"Kumbe ni katundu kadogo hivi," alisema hatimaye. "Na kiraka chake nimekiona. Mama, twende tukafungashe nguo."

Mwalimu mkuu alimshika Kiherehere bega. "Video na miwani vinafundisha vizuri, mwanangu, endelea kuvitumia. Lakini ukikutana na neno lisilokaa sawa, usilinyooshe peke yako. Uliza. Leo ulikosea, ukasema. Ungelificha neno lile 'mchana', sasa hivi tungekuwa tumeshairudisha miwani, na mdogo wako angekuwa bado amegoma."