Shati la Kulalia la Mzee Aliko

Asubuhi ile soko la Kyela mjini lilijaa mpaka njia unaomba kwa kiwiko. Wanawake wa Ikolo walikuwa wameshusha mikungu ya ndizi, wauza samaki aina ya mbasa wanaitana, na mvua iliyonyesha alfajiri imeacha tope linalong'ang'ania kandambili. Katikati ya vurugu hiyo, kwenye meza ya Mwanaheri muuza vitambaa, alisimama Tulinagwe, fundi cherehani wa Bondeni, amevaa gauni la kitenge la njano alilojishonea mwenyewe, limebana kiunoni likaachia chini. Alikuwa ameshika kitambaa cha pamba cha mistari ya buluu, anakisugua shavuni.

"Wewe unanunua au unakibusu?" Mwanaheri akamwuliza.

"Nguo ya kulalia inapimwa shavuni, dada Mwana. Mkono unadanganya, umezoea jembe."

"Mgongo! Mgongo!" sauti ikapigwa nyuma yake.

Tulinagwe akaruka pembeni, kitambaa kikamponyoka, ncha ikalala chini. Mwanamume mrefu alikuwa anatoka kinyumenyume duka la soda, yeye na mwenye duka wamekumbatia friji. Buti lake la kulia likatua juu ya mistari ya buluu. Likatulia hapo.

"Kaka, umesimama juu ya nguo yangu."

"Samahani dada, nimebeba friji."

"Friji naliona. Naongelea hilo buti."

Mwanaheri akaangua kicheko kilichowafanya hata wauza mbasa wageuke. Yule mwanamume akalitua friji, akainama, akakiokota kitambaa. Alama ya soli ilikuwa imechorwa pale kama muhuri.

"Nipe nikakifue," akasema. "Naitwa Asajile. Fundi friji."

"Asajile wa wapi asiyejua kutazama anakokanyaga?"

"Kwetu Makwale, ila nimelelewa na shangazi Morogoro. Nafua mpaka mapazia, usinione hivi."

Alikirudisha baada ya siku mbili. Nyumba anayopanga Tulinagwe pale Bondeni ina vyumba sita na kila chumba kina mdomo, kwa hiyo Asajile alipoingia uani na kifurushi, tayari watu wanne walikuwa wanajua jina lake, kazi yake na ukubwa wa buti lake. Tulinagwe alikuwa barazani kwenye cherehani. Akakikunjua kitambaa. Alama imefifia, imebaki rangi ya chai ya maziwa. Na kitambaa chenyewe kimepungua karibu kiganja kizima.

"Nimekiharibu," Asajile akasema, uso umemshuka.

"Umenipunguzia kazi. Pamba lazima ifuliwe kabla ya mkasi, irudi inakotaka kurudi. Ukikata kwanza, mtu anavaa wiki mbili, shati linakuwa la mtoto."

"Kwa hiyo mimi nimeanza kushona?"

"Umeanza kufua. Kushona ni darasa lingine. Kaa, unywe chai."

Akakaa. Akanywa vikombe vitatu. Kile kitambaa Tulinagwe hakukikata. Alikikunja, akakiweka kwenye droo ya cherehani, na mama wa chumba cha tatu alipouliza kwa nini, alijibiwa kwamba kina doa. Doa! Mtu mwenye mikasi mitatu anashindwa kulikwepa doa?

Miezi minne ikapita hivyo. Asajile akawa mtu wa nyumbani. Ndizi za Jumapili zilipikwa na kipande chake humo, na simu ya mchana haikukosekana.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimekula ubaridi. Niko ndani ya friji la mtu."

"Toka humo kabla hujaganda, nani atanishikia kitambaa nikikata?"

"Kumbe unanipendea kushika vitambaa!"

"Na kufua pia. Usijipunje."

Kitu kimoja tu Tulinagwe alikuwa anakisubiri na hakutaka kukiomba: kujua kama huyu mwanamume anamtaka awe mke. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Kabla ya Asajile kulikuwa na mwingine, Eliya, aliyempeleka kwao, akamkalisha sebuleni mbele ya baba yake, wakapeana mkono, wakanywa soda. Haikupita miezi sita, Eliya akaoa mwingine.

Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani. Hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, wakikaribia kukutana njiani mmoja anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Ndiyo heshima yenyewe. Siku hizi wengi wamelegeza, wanakula meza moja na picha wanapiga, lakini kwao Tulinagwe, Ikolo, mama yake mpaka leo akisikia baba mkwe anakohoa anatokea mlango wa nyuma. Mwanamke anayekalishwa mbele ya mzee na kupewa mkono ni mgeni. Mke anafichwa.

Basi, ikatokea Mzee Aliko, baba yake Asajile, akateleza na baiskeli yenye kiroba cha kakao na kuvunja mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa begani. Hospitali wakamfunga mkono kifuani, wakamwambia atulie wiki kadhaa. Mashati yote yakawa adui: ya kuvulia kichwani hayapiti, ya vifungo yanambana kwapani, na mshono wa begani unakaa juu ya mfupa uleule. Kulala kifua wazi, mbu wa Makwale hawana huruma. Asajile akapiga simu.

"Tuli, mpenzi, nina kazi yako. Baba anahitaji shati la kulalia. Laini, pana, lisilomgusa bega."

"Pole yake mzee. Nitashona, hiyo ni kazi ndogo."

"Ndiyo maana nakupenda. Jumapili nakuja na pikipiki, tunaenda Makwale umpime."

Tulinagwe akaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

"Nimpime nani?"

"Baba. Kifua, kwapa, vile mnavyopimaga."

"Mimi? Kwa mikono yangu?"

"Sasa kwa mikono ya nani? Atakupenda, utaona."

"Na kwenu umewaambia mimi ni nani?"

"Nimewaambia naleta fundi." Asajile akacheka kidogo, kwa sababu kichwani mwake alikuwa amepanga mshangao mzuri: mzee avutiwe kwanza na mikono ya binti, halafu ndiyo aambiwe. "Fundi tu, basi."

Tulinagwe akakata uzi kwa meno.

"Sawa," Tulinagwe akasema. "Fundi amesikia. Tafuta fundi mwingine." Akakata. Jioni hiyohiyo Asajile alipopiga tena, namba yake ilikuwa imezuiwa.

Asajile naye aliumia, tusimwonee. Aliona mwanamke aliyemshonea mapazia mama wa chumba cha tatu bila hata kuulizwa mara mbili amekataa kumgusa mzee mgonjwa. Akajiambia, kumbe ana roho hii. Akanuna siku kumi. Akatengeneza friji kwa hasira, na yote yaligandisha vizuri.

Siku ya kumi na moja akapita sokoni kutafuta shati kubwa la mtumba. Mwanaheri akamwona.

"Wewe! Njoo hapa. Mtoto wa watu anashona sare za shule huku machozi yanalowanisha kola, umemfanya nini?"

"Mimi? Yeye kakataa kumpima baba yangu."

"Kumpima nani?"

"Baba. Nilitaka nimpeleke Makwale."

Mwanaheri akaweka mkasi chini taratibu. "Asajile. Mimi wazazi wangu wametoka Tanga. Nimeishi Kyela miaka ishirini. Ulitaka kumpeleka mchumba wako akamshike baba mkwe kwapani?"

"Kuna nini?"

"Haa! Haruni!" akamwita mumewe aliyekuwa amesinzia juu ya majora ya vitambaa. "Amka usikie Mnyakyusa asiyejua Unyakyusa!"

Wakamweleza wote wawili, mmoja akisahau mwenzake anakumbusha, mpaka na habari ya Eliya. Asajile alisikiliza amesimama. Mwishoni akavua kofia.

"Kwa hiyo nilimwambia kwamba simwoi."

"Tena ulimwambia kwa simu," Haruni akasema, akarudi kulala.

Alasiri hiyo Asajile alikuwa Makwale. Mzee Aliko amekaa barazani kifua wazi, kitenge cha mkewe kimemfunika bega.

"Baba, yule fundi niliyesema nitamleta, ndiye ninayetaka kumwoa."

Mzee akaipunguza redio yake. Halafu akacheka, na kucheka kukamwumiza. "Aisee, mama! Sikia mwanao! Alitaka kuniletea mkwe anizungushie utepe kifuani! Ningeruka dirishani na mfupa wangu huu!"

"Hukumfundisha," mama yake Asajile akasema akitokea jikoni.

"Nani, mimi? Shangazi yake ndiye aliyemfundisha kufua mapazia." Mzee akanyanyua mkono mzima. "Haya, nipime mwenyewe. Na huyo binti akikusamehe, mlete, mama yako amwone. Mimi sitaki kumwona hata kidogo."

Mama mtu akatabasamu. Asajile alikuwa hajawahi kusikia kukataliwa kunakofurahisha hivyo.

Hakuwa na futi kamba. Alichukua ugwe wa mgomba, akauzungusha kifuani kwa baba yake, akapiga fundo. Akapima bega mpaka kiwiko, fundo. Shingo, fundo. Kwapa la upande mgonjwa, mafundo mawili, kwa sababu hapo mzee alipiga kelele. Kesho yake akaingia uani Bondeni na ule ugwe mkononi, na vyumba vyote sita vikafungua milango kwa pamoja.

Tulinagwe hakuinua kichwa. Alivaa dera la zambarau, nywele amezifunga kwa kipande cha kitambaa chepesi cheupe.

"Fundi hayupo," akasema.

"Sijaja kwa fundi. Nimekuja kwa mchumba wangu."

"Toka lini?"

"Toka niliposimama juu ya kitambaa chake. Tuli, nilikuwa sijui. Mila yetu nimefundishwa jana na mwanamke wa Tanga."

Kwenye chumba cha tatu mtu akakohoa kuficha kicheko.

"Nimemwambia baba wewe ni nani," Asajile akaendelea. "Amesema hataki kukuona."

Cherehani ikanyamaza. Tulinagwe akageuka.

"Amesema hivyo? Kwa maneno hayo?"

"'Hata kidogo.' Kwa maneno hayo."

Akaangalia pembeni, akajifuta jicho kwa ncha ya dera. "Na hicho nini mkononi, kamba ya kuniburuzia?"

"Vipimo."

Akaunyosha ugwe mezani, akapitisha kidole juu ya mafundo. "Hiki kifua?"

"Hicho shingo."

"Asajile, mtu mwenye shingo hii ni ng'ombe."

"Basi hicho ndicho kifua!"

"Kaa hapa, gwe wewe, unielezee fundo moja moja. Na leo hunywi chai mpaka tumalize."

Akafungua droo, akatoa kile kitambaa cha mistari ya buluu. Hakikuhitaji kufuliwa, kilishafuliwa. Alikikunja mara mbili, kunjo likakaa juu, ili mbele na nyuma vitoke kipande kimoja na begani pasiwe na mshono wowote wa kuusumbua mfupa. Mikono aliikata humohumo, mipana kama ya kanzu. Kola hakuweka. Mbele alifungua mpaka chini, vifungo vinne vikubwa vinavyofungika kwa mkono mmoja, na ubavu wa kushoto akauacha wazi wenye vikamba vya kufunga, ili mkono uingie bila kunyanyuliwa. Mishono yote ya ndani aliikunja ikalala, isikwaruze. Asajile alishika kitambaa alipoambiwa shika, na aliachia alipoambiwa achia.

"Na doa je?" akauliza. Lilikuwa limeangukia upande wa kulia wa kifua.

"Anasikilizaga nini mzee wako?"

"Redio ndogo. Haachani nayo."

Tulinagwe akakata mfuko, akaushona juu ya doa, mstari ukikutana na mstari. Halafu akaliweka shati shavuni, akafumba macho, akaliweka na kwenye shavu la Asajile. Vyumba sita vikaguna.

Jumamosi Asajile alilipeleka shati. Jumapili, baada ya ibada, pikipiki ikaingia Makwale na Tulinagwe amekaa upande, amejifunga vitenge viwili, kitambaa kichwani kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Mama yake Asajile alikuwa anasubiri chini ya mti wa kakao. Pikipiki ilipokata kona ya mwisho, kiti cha barazani kikaanguka. Mtu akashuka ngazi mbiombio, mkono umefungwa kifuani, akapita pembeni ya jiko na kutumbukia migombani.

Tulinagwe aligeuza uso upesi, kama inavyotakiwa. Lakini fundi ni fundi. Kwa nusu ya jicho aliona mistari ya buluu ikipotea kwenye majani, na akaona kwamba bega limekaa, halivuti.

"Baba anakimbia!" Asajile akasema, anacheka. "Ataumia!"

"Mwache akimbie," Tulinagwe akasema, akakishusha zaidi kitambaa cha kichwani.

Kutoka migombani redio ilikuwa inaimba kwaya. Ikapunguzwa.

"Mama Asajile!" mzee akaita. "Umeshapokea mgeni?"

"Nimeshampokea!"

"Mwambie ndaga. Mwambie nimelala mpaka jogoo amechoka kuwika."

Mama mtu akamgeukia Tulinagwe, ingawa alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake na maneno yote ameyasikia. "Anasema ndaga, asante, amelala vizuri."

Tulinagwe akapiga goti, macho chini. "Mwambieni nashukuru, mama. Mwambieni mkono ukipona, ule ubavu nitauziba."

"Mkwe wako anasema ubavu atauziba!" mama akapaza sauti kuelekea migombani.

"Asiuzibe!" ikajibiwa. "Unapitisha hewa!"