Placidia na Jicho la Maji

Kila siku, jua lilipoanza kupunguza ukali, Placidia aliwatoa ndama zizini na kuwateremsha bondeni kunywa maji. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwenye miguu mirefu na ulimi mwepesi, na kazi ile aliipenda kwa sababu bondeni hapakukosa watu wa kupiga nao soga. Asubuhi ilikuwa zamu ya wakulima wa Isingiro kuchota maji ya nyumbani. Alasiri ilikuwa zamu ya wafugaji. Wazee waligawana hivyo tangu zamani, na hakuna aliyebisha.

Jicho la maji lilikuwa chini ya ukingo wa udongo mwekundu, limezungushiwa ua wa miiba. Ng'ombe hakuruhusiwa kuuvuka ua ule, hata awe ng'ombe wa mtawala mwenyewe. Watu walisimama kwa mstari, wakachota kwa vibuyu na kupokezana mkono kwa mkono, mpaka maji yakafika kwenye hori la udongo lililofinyangwa nje ya ua. Ng'ombe walinywea hapo. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo, lakini maji ya kunywa yalibaki safi.

Mwaka huo wa 1949 mvua iliwachezea watu. Walizoea kuiona mwezi wa tisa, kwa hiyo walilima mapema na kupanda maharage. Ikanyesha kidogo, maharage yakachipua, kisha mawingu yakaenda zao kama mgeni aliyekosea nyumba. Mwaka uliotangulia pia ilikuwa imechelewa. Mwezi wa senene, wale panzi wanaoliwa, ulifika bila senene. Migomba ikainamisha majani, na chemchemi za kandokando ya kilima zikakauka moja baada ya nyingine, mpaka likabaki lile jicho moja tu.

Baraza la mtawala likaanza kupanga maji ya vijiji vyote. Kila mkungu, yaani msimamizi wa kijiji, aliagizwa kutoa taarifa. Kijiji ambacho bado kina chemchemi kingechimbiwa lambo la kukinga maji ya mvua. Kijiji kisicho na maji kabisa kingehamishwa kwenda karibu na mto Kagera, upande wa Murongo. Watu wa Isingiro waliposikia habari hiyo waliingiwa na hofu. Kule mtoni kulikuwa na mamba, na mbung'o waliomaliza ng'ombe.

Siku moja Placidia alifika bondeni akakuta hakuna mtu. Baba yake, mzee Ndyamukama, na kaka zake walikuwa wameliswaga kundi kubwa mbali kutafuta majani. Jirani zao walikuwa wamefanya vivyo hivyo. Yeye aliachiwa ndama na Bihogo, ng'ombe wa rangi ya kahawia, ambaye peke yake alikuwa bado anatoa maziwa.

Alichota peke yake, akakimbia kwenye hori, akamwaga, akarudi. Udongo mkavu wa hori uliyanywa maji kabla ya ndama kuinamisha vichwa. Mikono ikamuuma, jua likazidi kushuka. Bihogo alisimama akilia, mbavu zote nje.

"Haya, wewe peke yako," Placidia alimwambia. "Unywe kidogo tu, utoke."

Akavuta tawi moja la miiba. Bihogo akaingia. Lakini nani awezaye kumzuia ndama mwenye kiu? Wote wakamfuata kwa kusukumana, kwato zikakanyaga huku na huku, na ukingo wa udongo ukaporomoka juu ya jicho la maji. Placidia aliwachapa, aliwavuta mikia, aliwatoa wote huku analia. Alipogeuka, palikuwa pamebaki tope tupu.

Hapo angeweza kukimbia kijijini akamwita mtu mwenye jembe. Badala yake alisawazisha udongo ulioporomoka, akakata tawi lenye majani, akafuta nyayo zote, akarudisha miiba mahali pake na kwenda nyumbani.

Asubuhi wa kwanza kufika alikuwa Rozi, mke wa mkulima Apolinary, akiwa amembeba mgongoni mwanawe mchanga, Aristides. Yowe lake liliwaleta watu wote, Placidia akiwa miongoni mwao. Mkungu Rweyemamu aliinama, akalishika tope, akatikisa kichwa.

"Na hili nalo limekufa," alisema.

Hakuna aliyeshangaa. Chemchemi nyingine zote zilikuwa zimekauka, kwa nini hii isikauke? Rozi alimgeukia Placidia. "Mwanangu, jana ulikuja kunywesha. Maji yalikuwaje?"

Placidia aliinamisha uso. "Yalikuwa machache sana, mama. Yalikuwa yanaisha."

Basi, neno lake likapokelewa.

Watu wakaanza kwenda kuchota kwenye dimbwi la kinamasi, maji ya kijani yenye kinyesi cha wanyama. Rozi aliyachuja kwa kitambaa, lakini kuni za kuyachemsha hakuwa na nguvu ya kuzitafuta. Haukupita muda, mtoto Aristides akaanza kuharisha damu. Placidia alikisikia kilio chake kutoka ng'ambo ya migomba. Mwanzoni kilikuwa kikali, baadaye kikawa chembamba. Roho ilimsuta hata chakula kikamshinda, ila kila alipotaka kusema alimwona akilini baba yake na fimbo.

Ndyamukama alirudi na kundi lake akakuta kijiji kinafungasha. Mkungu alikuwa amekwisha kuvaa kanzu yake ya safari, tayari kwenda kulieleza baraza kwamba Isingiro haina maji. Wanaume walimzunguka. Apolinary alikuwa anaitazama migomba aliyoachiwa na babu yake, machozi yanamtoka bila haya.

Placidia akapiga moyo konde, akapenya katikati yao na kupiga magoti.

"Waitu, bwana mkungu, usiende! Maji hayajafa. Mimi ndiye niliyeingiza ng'ombe ndani ya ua. Ukingo uliporomoka ukaliziba jicho. Nikafuta nyayo."

Ndyamukama aliinua fimbo, uso umembadilika kwa aibu na hasira.

"Ngoja, Ndyamukama," mkungu alisema. "Fimbo itakuwepo hata kesho. Twende atuonyeshe."

Wakashuka bondeni mbio. Placidia alionyesha mahali, Apolinary akachimba, na wengine wakazoa udongo kwa mikono. Walichimba mpaka kiunoni kabla ya tope kuanza kulainika. Kisha maji yakatoka, machafu kwanza, halafu meupe. Wanaume wazima walicheka na kulia kwa pamoja. Apolinary alijaza kibuyu akakimbia nacho nyumbani kwa mwanawe.

Alikuwa hajafika mlangoni aliposikia maombolezo. Aristides alikuwa amefariki.

Walimzika kando ya mti wa kahawa. Mkungu alikwenda barazani na taarifa ya kweli, na Isingiro ikaandikiwa kuchimbiwa lambo juu ya bonde, ili mvua yoyote itakayonyesha, iwe imewahi au imechelewa, isipotee bure. Wakulima na wafugaji walianza kuchimba pamoja, kila nyumba ikitoa mtu. Ndyamukama alimchapa binti yake, lakini fimbo zile hazikumuuma Placidia kama alivyotumaini.

Siku moja alimkuta Rozi peke yake kwenye jicho la maji. Akapiga magoti kwenye udongo wenye unyevu.

"Shikamoo, mama. Nisamehe."

Rozi aliutua mtungi wake chini. Alizungumza kwa sauti ndogo.

"Kuingiza ng'ombe lilikuwa kosa, nami najua kiu inavyosumbua. Kosa hilo tungelizibua kwa jembe asubuhi ile ile. Nilikuuliza, Placidia. Nilikuuliza mtoto akiwa mgongoni, na wewe ukanijibu uongo. Mkungu alitaka kutuhamisha kwa neno lako. Mimi nilikwenda kuchota kinamasini kwa neno lako. Mvua siku hizi haitabiriki, hatujui tena itakuja lini, na hakuna mtu wa kuilaumu. Lakini haya maji machache tuliyo nayo, tutayagawana vipi kama hatuambiani ukweli? Ukikosea, sema siku ile ile. Ukisema baadaye huenda maji yakarudi, lakini kuna kingine hakirudi."

Placidia alilia bila kuinua uso.

"Inuka," Rozi alimwambia. "Siwezi kukwambia leo kwamba nimekusamehe. Chota maji, unijazie."

Placidia akainuka. Akachota taratibu, akaujaza mtungi, akajitwisha. Waliipanda njia wakifuatana, Rozi mbele, mgongo wake ukiwa mtupu, na Placidia nyuma yake akiwa makini asimwage hata tone.