Baiskeli Iliyotangulia Mbele

Seremala na dada yake mshonaji walizoea kwenda kwa mama yao kwa baiskeli. Safari ilikuwa ya siku mbili. Safari moja, siku ya kwanza walicheka njia nzima. Dada alimtania kaka yake kwamba anapanda kilima kama jongoo.

Siku ya pili jua lilichoma tangu asubuhi. Upepo ulikufa. Barabara ilikuwa tupu, hata ndege hawakulia. Dada aliomba wapumzike, lakini seremala alikataa. Maji pia aliyakataa. Alisema yatamjaa tumboni, afadhali wafike kwanza.

Mchana dada alimtazama kaka yake shingoni. Ngozi ilikuwa kavu, haina hata tone la jasho.

"Unamsikia?" seremala aliuliza taratibu.

"Nani?"

"Baba. Yuko pale mbele kwenye baiskeli yake. Anapiga kengele."

Baba yao alikuwa amefariki zamani. Dada alitazama mbele, hakuona mtu. Kaka yake alitabasamu, kisha akaingia njia ya kando. Dada alimwita, hakugeuka. Dada alimfukuza, akamdaka shati, wakaanguka wote. Hatua chache mbele yao njia ilikatika. Palikuwa na shimo refu la machimbo ya mawe.

"Niache," seremala alinong'ona. "Ananiita." Kisha akalegea.

Dada alipiga kelele. Muuguzi wa zahanati ya jirani alisikia, akaja mbio. Walimburuta hadi kivulini, wakamlegeza nguo, wakammwagia maji na kumpepea kwa kanga. Dada alitaka kumnywesha. Muuguzi akamshika mkono.

"Aliyechanganyikiwa usimnyweshe, atapaliwa. Tumpoze kwanza. Joto limemzidi, linaweza kumuua."

"Na baba anayemwona?"

"Joto likizidi, mtu huona yasiyokuwepo."

Walimpeleka zahanati, akatundikiwa dripu. Akili zilipomrudia, muuguzi aliwaeleza kwamba jua kali halishindwi kwa ubishi. Msafiri anywe maji kidogo kidogo kabla ya kiu, na apumzike kivulini mchana. Akiona kizunguzungu, asimame papo hapo. Alimkataza seremala kupanda baiskeli mpaka apone kabisa.

Alipopona waliendelea, wakiendesha asubuhi na jioni tu. Kila kivuli kizuri walishuka wakanywa. Walifika wazima.

Mama alisikiliza habari yote. Aliweka mkono juu ya bega la mwanawe.

"Huyo hakuwa baba yenu," alisema. "Baba yenu asingeninyang'anya mtoto."