Mhariri Aliyechapishwa Upya

Asubuhi ile mhariri alitoka bafuni, akaketi mezani na kuuliza chai yake iko wapi. Mkewe akamtazama, akakitazama kikombe kitupu.

"Si umeshakunywa sasa hivi?" akasema. "Tena umenishukuru."

Hapo ndipo mambo yalipoanza kunuka, maana bwana yule tangu amuoe hajawahi kumshukuru kwa lolote. Kiti kilikuwa na joto la mtu, na harufu ya wino mbichi.

Niwaambie mapema, huruma yangu msiitegemee. Mtu huyu alikuwa mhariri wa jarida la chuo kwa miaka kumi na mitano. Toleo likikosa makala, nalo lilikosa kila mara, alifukua makala ya zamani ya mtu mwingine, akabadili kichwa, akaichapisha tena. Kuna fomu ya idhini ambayo mwandishi hutakiwa kuisaini, pale palipoandikwa "mwenye haki". Yeye alisaini mwenyewe, maana barua ya kuomba ilimchosha. Wahenga walisema cha mtu mavi. Huyu alikila na vidole akajilamba.

Safari hii alichukua makala ya mtafiti mstaafu, mwanamke aliyekusanya maneno ambayo waganga huwaitia majini. Kwa mara ya kwanza aliomba, na mama huyo akamkatalia kwa barua mara tatu. Tena chini ya makala palikuwa na tanbihi: mganga aliyeyatoa maneno haya ameruhusu yachapishwe mara moja tu, naye mwenyewe akiwa amekaa kando ya mtambo wa kuchapia. Mhariri aliikata tanbihi ile, eti inakula nafasi. Toleo likatoka Jumatatu, na chai ikanywewa Jumanne.

Siku hiyo hiyo ofisini, katibu muhtasi alimsogelea na kusema kwa sauti ya chini, "Bosi, mbona uko huku? Nimekuona ukiingia chumbani kwako sasa hivi."

Mhariri akausogelea mlango. Ndani kurasa zilikuwa zikifunuliwa, mmoja, mwingine, taratibu, halafu sauti ikaanza kusoma, na sauti ile ilikuwa yake, na kile kikohozi cha kujidai kilikuwa chake, ila ilisoma sentensi za watu aliowaibia na mwisho wa kila sentensi ikataja jina la aliyeiandika, majina aliyokwisha kuyasahau, mengine ya marehemu, na harufu ya wino ikapenya chini ya mlango ikampanda miguuni mpaka kooni, na mkono wake ukagoma kushika kitasa kwa sababu kitasa kilikuwa kimeanza kuzunguka chenyewe kutoka upande wa pili. Alitimua mbio. Jitu zima, linalotetemesha kamati nzima kwa makaripio, lilishuka ngazi na kiatu kimoja.

Alimkuta mtafiti uani kwake akianua nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo naamkiwa. Kwenye barua zako hata salamu hukuwa nayo."

"Mama, kuna kitu kinanifuata," akanong'ona. "Kina sura yangu."

"Umekichapisha wewe. Ukasaini kwamba maneno yale ni yako, basi na aliyemo ndani yake amekuja kwako. Kazi yake ni kurudia. Sasa anakurudia wewe."

"Anaondokaje?"

Mama yule alikunja shuka kwanza. "Andika kwa mkono wako kwamba uliiba, na uliwaibia akina nani. Wote. Uchapishe. Ukishindwa, mkeo atamchagua mmoja wenu, na huyo ndiye atakayebaki kuwa wewe. Mwingine hatakuwa mtu yeyote."

Mwenye akili angeandika pale pale uani. Huyu akaona haya, haya ya kukiri, kwa sababu ile ya kuiba hakuzaliwa nayo. Alikaa kwenye benchi la kituo cha basi hadi jioni. Akaandika "kutokana na hitilafu za kiufundi", akafuta, akaandika "pasipo kukusudia". Neno "niliiba" likamkwama kama mwiba wa samaki.

Alipofika nyumbani mlango ulikuwa nusu wazi. Mkewe alikaa mezani, na mbele yake mtu aliyevaa shati la mumewe, kimya. Kati yao palikuwa na karatasi zilizojaa mwandiko: maungamo, na majina thelathini na moja, hakuna lililoachwa.

"Mke wangu, ondoka hapo," mhariri akanong'ona. "Mimi ndiye mumeo."

Mkewe akainua karatasi. Mashavu yake yalikuwa yamelowa. "Haya yameandikwa na nani?"

Mhariri akayatazama. Yamekamilika, mwandiko ni wake, na yangemwokoa. Alitakiwa kusema "si mimi", basi. Mwanamke alimsubiri, na naamini moyoni alikuwa akimwombea.

"Mimi," akasema.

Mkewe akashusha pumzi. "Nimekaa hapa tangu saa nane mchana. Yameandikwa mbele yangu, mstari kwa mstari."

"Huyo ni jini."

"Najua. Hana kivuli, nimeshaangalia."

Akasimama, akaja mpaka mlangoni. Alimtazama mhariri usoni kwa muda mrefu, kwanza kwa uchungu, halafu uchungu ukaisha, akabaki anamtazama tu.

"Samahani, kaka," akasema. "Unamtafuta nani hapa?"