Mtoto wa Kaburi la Pembeni

Picha ya kwanza kumkataa Lorraine Tisdale ilikuwa ya mwaka jana, ile iliyotundikwa nje ya ofisi ya mkuu wa shule. Walimu wote walikuwa wamesimama pale pale walipopigwa picha, ila mahali pake palionekana ukuta mtupu. "Ni jua tu," alijisemea. "Picha hupauka." Lakini ni jua gani hilo linalomchagua mtu mmoja kati ya thelathini?

Lorraine alikuwa amefundisha historia miaka ishirini na minne katika shule hiyo ya watoto wa wanajeshi, ndani ya kambi ya Wamarekani kisiwani Okinawa. Kambini watu hawakai. Miaka mitatu, amri ya uhamisho inakuja, mizigo inafungwa, kwaheri. Wakuu wa shule tisa walikuja wakaenda zao. Yeye akabaki, hata akaiona shule ni mali yake. Basi shule ilipokaribia kutimiza miaka arobaini, na mkuu mpya akatangaza kwamba kitabu cha historia yake kitaandikwa na Dana Ruelas, mwalimu msichana aliyefika juzi tu na watoto wote wakampenda, Lorraine alipiga makofi na wenzake huku roho inamchoma. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Mwenyeji huyu aliugua.

Wivu huo ndio uliompeleka makaburini. Nyuma ya uwanja wa michezo, ndani ya uzio wa kambi, yalibaki makaburi ya kijiji cha zamani, makubwa, ya mawe, yenye mgongo kama wa kobe. Kila mwezi wa nne jamaa za wafu walipewa vibali vya kuingia, wakafagia, wakatandika mikeka, wakala nyama ya nguruwe na mikate ya mchele pamoja na wazee wao waliolala humo. Kaburi moja la pembeni halikuwa na mtu wa kulihudumia. Miaka yote Lorraine aliwatazama kutoka dirisha la darasa lake, akadhani ameuelewa mchezo. Mwezi wa nne ule, jamaa walipokwisha kuondoka, alibeba keki na soda, akaviweka kwenye kaburi lile lisilo na wenyewe, na juu yake akaweka picha ya Dana.

"Kula," alinong'ona. "Kisha uniondolee huyu."

Haikupita wiki, darasa lake likaanza kunuka ubani na udongo mbichi. Kisha zikaanza picha.

"Mwalimu Tisdale, usinicheke," Dana alimwambia mchana mmoja baada ya kengele ya mwisho, wamekaa wawili katika stoo ya maktaba. Alikuwa amepakata albamu ya zamani. "Picha za miaka yote ya karibuni haumo. Hii nilikuona asubuhi, na sasa naona kama unafifia."

"Macho yako yamechoka."

"Hayajachoka. Hebu sikiliza... husikii?"

Kutoka nyuma ya rafu wakasikia miguu mitupu, yenye maji, ikikanyaga polepole, ikisimama kwenye kila rafu kama mtu anayetafuta kitu chake, ikiendelea, ikisimama tena, na ile harufu ya ubani ikazidi kuwa nzito hata koo likawasha, mpaka Lorraine akahisi pumzi ya baridi shingoni mwake na akaona kwa macho yake mawili, katika albamu ile ile mapajani mwa Dana, uso wake wa ujanani ukifutika, nywele kwanza, halafu macho, mwisho mdomo, na mfutaji hana haraka yoyote.

Dana alipiga ukunga. Bi Kamiya, msafishaji wa shule, mzaliwa wa kisiwa, akaja mbio na ufagio wake. Alinusa hewa, akawatazama mmoja mmoja.

"Nani kati yenu amelisha kaburi?"

Kesho yake alimleta shangazi yake, Bi Shimabuku, mganga, kikongwe mfupi mwenye mkoba. Alikaa mbele ya kaburi la pembeni, Lorraine na Dana nyuma yake, akawasha ubani, akasikiliza. Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Ulimwomba amwondoe huyu binti?"

Lorraine aliangalia viatu vyake.

"Mimi?" Dana alishtuka. "Nimekukosea nini, Mwalimu?"

"Umeninyang'anya shule yangu."

"Si ungeniambia! Hicho kitabu ningekupa. Nimekuandika wewe sura nzima!"

"Huyu wa picha, marehemu wa kaburi hili hamjui," mganga alimwambia Lorraine. "Anakujua wewe. Kwetu anayelisha kaburi ndiye mtoto wa kaburi. Mama huyu wanawe waliisha wote vitani, hana mtu. Sasa amepata mtoto, na ana wivu, mwanangu, anakushinda hata wewe. Hataki ukumbukwe na mwingine."

"Basi mtoe!"

"Nimpeleke wapi? Hapa ndipo kwake. Utatoka wewe. Muage, panda ndege, usirudi tena. Atakuachia, na uso wako utarudi."

"Nenda, tafadhali," Dana alimshika mkono. "Jina lako nitaliweka ukurasa wa kwanza."

Akilini Lorraine aliiona meza yake ikiwa na vitu vya Dana juu yake, na watoto wakiizunguka. Akauchomoa mkono wake.

"Niende ili ubaki wewe? Sitoki."

Bi Shimabuku alifunga mkoba wake, akaondoka.

Siku ya sherehe kitabu kiligawiwa. Lorraine alikipekua: wakuu wa shule, vimbunga, timu za mpira, walimu. Ile sura yake haikuwamo; hakumo hata kwenye orodha. Walipojipanga kwa picha kubwa alijipenyeza mstari wa mbele, katikati, bega kwa bega na Dana.

"Mama, samahani, utupishe kidogo," mpiga picha alisema. "Hii ni ya walimu."

Dana aligeuka na tabasamu zuri, lile wanalopewa wageni. "Shikamoo, mama. Umepotea? Wewe ni wa nani hapa?"

Lorraine alifungua mdomo ataje jina lake, na jina halikuja. Mkono wa baridi, wenye udongo, uliingia ndani ya kiganja chake, ukakikamata.

"Wangu," sauti ya kizee ikajibu.