Asili ya Kabati

Droo ya chini ya kabati lile ilikuwa na urefu wa sentimita sitini na moja kwenda ndani. Kabati lenyewe, ukilipima kwa nje kutoka mlangoni hadi mgongoni, lilikuwa sentimita arobaini na nane.

Wanafunzi tisa walipima, na wote tisa wakapata hivyo hivyo. Mkuu wa chuo hata kitini hakuinuka.

"Tepu zenu zimelegea," alisema. "Andikeni arobaini na tano, tuendelee."

Wakaandika arobaini na tano. Watu wazima na akili zao, wamepima kwa mikono yao wenyewe, wakaambiwa mikono yao imedanganya, wakakubali.

Mmoja wao tu, Mama Stoo, hakuandika. Alisubiri wenzake warudi kwenye viti, akaitoa droo, akaingiza mkono kwenye tundu lake hadi kwapani. Vidole vyake havikugusa ubao wa nyuma. Aliutoa mkono taratibu, akaufuta kwa leso, akarudi kukaa. Alikuwa amejua mambo mawili: kwamba kabati lile halikuwa la kawaida, na kwamba Mkuu alikuwa mjinga. Kati ya hayo mawili, la pili lilimfurahisha zaidi, na kwa sababu hiyo alinyamaza. Alitaka kuona mjinga atafika wapi.

Chuo chenyewe kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Kilifundisha uthamini wa mali za watu: samani, vito, saa, picha, vyombo, kila kinachogombewa na warithi au kukatiwa bima. Ukutani Mkuu alikuwa amejitundikia vyeti kumi na vinne, kimoja kati ya hivyo cha kuogelea. Alivaa suti ya vipande vitatu katika joto lile, na alipotaka kusema jambo la maana alivua miwani kwanza. Alifundisha namna ya kuvaa glavu nyeupe mbele ya mteja, na namna ya kukaa kimya dakika nzima kabla ya kutaja thamani ya kitu.

"Ukimya ndio taaluma," alisema, na watu wakaandika kwenye madaftari.

Mama Stoo alikuwa ametunza stoo ya kampuni ya mnada kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa anaweza kuugonga mguu wa meza kwa ukucha akajua kama ulibadilishwa. Lakini ilikuwa imetoka kanuni mpya kwamba ripoti ya uthamini isiyo na sahihi ya mwenye cheti haitapokelewa mahakamani wala kwenye bima, na meneja wake, kijana wa umri wa kitinda mimba wake, alikuwa amempa barua: cheti kiwe mezani Jumatatu baada ya kozi, au funguo za stoo apewe mwingine.

Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, alimtania kila jioni.

"Mwanafunzi wangu, leo mwalimu kakuchapa?"

"Yule? Suti yake ikitembea peke yake itafundisha vizuri kuliko yeye."

Jumanne kabati lilianza kunuka. Haikuwa harufu ya nguo za zamani wala ya mende. Ilikuwa harufu ya utomvu mbichi, kama mti uliokatwa asubuhi ile, na kabati lilikuwa limekauka miaka themanini iliyopita. Mchana mbao zake zilianza kulia, polepole, kama matawi yanayosuguana kwenye upepo. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Msichana mmoja aliyeletwa na kampuni yake ya bima, ambaye wote walimwita Binti wa Bima, alimsogelea Mama Stoo akamnong'oneza.

"Mama, unasikia?"

"Nasikia."

"Ni nini?"

"Muulize mwalimu wako mwenye vyeti," alijibu Mama Stoo, akageuza uso. Baadaye jibu hilo lilimuuma kuliko yote, maana msichana alikuwa amemwendea kama mtoto anavyomwendea mama, na yeye akamtumia kama kijembe.

Jumatano walifika kwenye sehemu ya ripoti inayoitwa asili ya kitu: nani alikitengeneza, nani alikuwa nacho, kimepita mikono gani. Mama Stoo alinyoosha mkono.

"Mkuu, kabati hili lilikuwa la nani?"

"La watu."

"Watu gani?"

Mkuu akavua miwani. "Mama yangu, lilitolewa kwenye nyumba ya marehemu fulani, nikalichukua. Andikeni hivi: mali ya familia moja yenye heshima, vizazi vitatu, limetunzwa kwa upendo. Mteja anapenda hivyo. Nani atakwenda kuuliza?"

Wakaandika. Saa nane mchana, jua limejaa chumba kizima, Binti wa Bima aliitwa mbele asome yake kwanza, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri.

"Kabati hili la mvule," alisoma, "limekuwa mali ya familia moja yenye heshima, na kwa vizazi vitatu limetunzwa kwa—"

Akakwama. Mbao zililia mara moja, kwa sauti ndefu, kisha mlango wa kabati ukafunguka, si kwa kishindo, bali kama unavyofunguliwa na mtu aliye ndani asiye na haraka yoyote, na harufu ya utomvu ikamwagika chumbani nzito hata macho yakawasha, na msichana, ambaye visigino vyake vilikuwa vimeanza kuinuka kutoka sakafuni bila yeye kuonekana kujua, alifungua kinywa kumalizia sentensi yake, na sauti iliyotoka ikawa ya mzee mwanamume, kavu, ya taratibu, sauti iliyozoea kusikilizwa.

"Familia gani?"

Watu walifunika ripoti zao kwa viganja.

"Karatasi tisa, na nane kati yake zina familia. Itajeni."

"Kaa chini, binti," Mkuu alisema, na midomo yake ilikuwa imekauka. "Hiyo ni njaa. Hukula mchana."

"Nyamaza wewe. Umebandika makaratasi ukutani kama mtu anayeziba matundu ya panya. Hata panya hawakuheshimu."

Macho ya msichana hayakupepesa. Chini ya kucha zake maji meupe mazito yalikuwa yanachuruzika, yakidondokea ripoti aliyoishika, na kila tone lilipoanguka wino ulififia.

"Mimi nilikaa kwenye mti huu kabla babu zenu hawajaota meno," sauti iliendelea. "Fundi aliyeukata alinisikia, akaomba radhi, nami nikamwachia vidole saba. Bwana harusi akalinunua kabati, mkewe akatundika gauni lake humu na kunicheka, na gauni hilo hakulivaa tena, wala jingine lolote. Kisha akaja bibi mmoja, akakaa nami miaka arobaini na mmoja, na kila asubuhi alinisalimia kabla ya kugusa kitasa, na huyo sikumgusa hata unywele. Alipokufa, wajukuu zake walinibeba kichwa chini miguu juu wakanikabidhi kwa huyu, ambaye hakuuliza hata swali moja. Na sasa mmekuja nyinyi, na vitepu vyenu."

Mkuu alikuwa ameshafika mlangoni. "Naenda kuita msaada," alisema. Walimsikia akishuka ngazi mbili mbili, kisha wakasikia geti la chuma la chini likivutwa, na kufuli likibanwa. Alikuwa amewafungia watu tisa ndani na jini, ili lisimfuate yeye.

Mama Stoo alimpigia simu mama yake mdogo, mkunga wa zamani ambaye watu walimwendea kwa mambo ya namna hiyo. Alifika baada ya saa nzima. Muuza magodoro alilivunja kufuli kwa nondo ili apite. Wengine wote walikuwa wamejibana kwenye kona moja, na msichana bado alikuwa amesimama kwa ncha za vidole vya miguu.

Bibi yule alipumzika kwanza, maana ngazi zilimchosha. Akavaa miwani ya kusomea. Kisha akalielekea kabati, si msichana.

"Salamu, mwenye nyumba."

"Salamu," ilisema sauti, na kwa mara ya kwanza haikuwa na dharau. "Angalau wewe umelelewa."

"Mtoto huyu ana kosa gani?"

"Ameweka sahihi kwenye uongo."

"Alitumwa. Unataka nini umwache?"

"Niandikwe kwa ukweli. Na aandike anayejua. Yuko mmoja humu. Jumatatu aliingiza mkono kwangu hadi kwapani, akajua, akanyamaza, apate kumcheka mwenzake."

Mama mdogo aligeuka akamtazama Mama Stoo. Hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza.

Mama Stoo alikaa mezani akaandika. Kazi hii aliijua. Aliandika mti, fundi na vidole vyake, bibi harusi na gauni, bibi wa salamu za asubuhi, wajukuu, na Mkuu ambaye hakuuliza. Pale asiposikia vizuri aliuliza, na sauti ikamjibu kwa subira. Kurasa tatu. Alipoweka sahihi, mlango wa kabati ulijifunga wenyewe na msichana akaanguka kama nguo iliyotoka kwenye kamba.

"Maji," alisema, kwa sauti yake mwenyewe. "Naombeni maji."

Pale ngazini mama mdogo alimshika Mama Stoo kiwiko.

"Kabati lirudi kwa wajukuu, au liende kwa mtu atakayelisalimia. Na ile karatasi usiibadilishe hata nukta. Wewe sasa ni shahidi wake, mwanangu. Shahidi akimgeuka, yeye hatakuwa na haja ya kabati tena. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama mdogo."

Ijumaa Mkuu alirudi, amechana nywele, suti imepigwa pasi. Alisema mwanafunzi mmoja alikuwa na kifafa na ameshapelekwa kwao. Wanafunzi waliomwona msichana akitokwa na utomvu kwenye kucha walitazama meza zao. Wengine waliitikia kwa kichwa. Kufikia saa nne ilikuwa kifafa kweli, na mmoja wao alikuwa anaeleza dalili zake.

Vyeti viligawiwa saa tisa. Cha Mama Stoo kilibaki mezani.

"Kaa, mama yangu," Mkuu alisema walipobaki wawili. "Hii ripoti yako sijui ni ripoti au ngano. Jini? Vidole? Mwenye hoteli aliyelinunua kabati anakuja saa kumi kulichukua, na anataka ripoti iliyosainiwa na mtu mwenye uzoefu. Wewe unao. Andika sehemu ya asili upya, kama nilivyofundisha, cheti hiki hapa."

"Na nikikataa?"

"Utarudi mwakani."

Alimtazama. Alikiona kitambi kilichobanwa na kizibao, jasho juu ya mdomo, kidole kinachogonga cheti kama anayemwita kuku. Katika maisha yake yote hakuwahi kumdharau mtu namna ile. Alimdharau kwa geti alilolifunga, kwa msichana aliyemwita mgonjwa wa kifafa, kwa kuogelea kwake. Na huku akimdharau hivyo, alifikiria funguo za stoo mikononi mwa mtu mwingine, akavuta fomu mpya, akaandika: mali ya familia moja yenye heshima, vizazi vitatu, limetunzwa kwa upendo. Akaweka sahihi yake nzuri ya miaka ishirini na sita.

"Umeona?" Mkuu alisema, akagonga muhuri. "Rahisi tu."

Mama Stoo alisubiri mbao zilie. Hazikulia. Alilisogelea kabati, akalifungua. Lilinuka vanishi na vumbi, na bawaba moja ilikuwa imelegea. Lilikuwa kabati tu, la kizee, lisilo na lolote. Alihisi kifua kikifunguka. Mama mdogo amezeeka, alijiambia, na wazee hupenda kutisha watu.

Aliteremka, akapita kwenye magodoro, akasimama kwenye kivuli cha ukuta ng'ambo ya barabara kumpigia mumewe.

"Baba watoto, nimepata!"

Upande wa pili redio ilipunguzwa sauti.

"Shikamoo, mzee," mumewe alisema. "Samahani, hii simu ni ya mke wangu. Umeiokota?"

Alicheka. "Ndiyo utani gani huo? Ni mimi. Nimepata cheti."

"Mzee wangu, nakuomba kwa heshima, mpe mwenyewe aongee. Yuko hapo?"

Alikuwa anaisikia sauti yake masikioni mwake, ile ile, sauti aliyozaliwa nayo. Ulimi ulikuwa wake, pumzi zilikuwa zake. Aliufunga mdomo apate kufikiri. Aliuma meno, akaibana midomo kwa vidole vya mkono ulioshika cheti, akasimama hivyo pale kivulini, kimya kabisa, simu sikioni.

Na mumewe akaendelea kuongea, kwa adabu, na mtu.

"Ndiyo, mzee … Ndiyo, hapo hapo, nyumba ya pili baada ya kona … Hapana, mchana mlango hatufungi … Karibu sana."